Najisi ya Wifi Furaha

Wifi yangu Furaha alianza kuja kanisani na kiti chake mwenyewe mwezi wa Februari, Jumapili ambayo hata mvua haikunyesha, kwa hiyo hatukuweza kusingizia kwamba mabenchi yameloa. Kilikuwa kistuli cha plastiki cha buluu, kile kile alichokikalia kibandani kwake akisukuma chapati. Alikiweka nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, akakaa, akatoa rozari, akatulia kana kwamba Wakatoliki wote duniani huenda Misa na viti vyao.

Kanisa letu hapa Kilindoni si kubwa. Mafia ni kisiwa cha Waislamu, na sisi Wakatoliki ni walimu, manesi, polisi, na watu wachache ambao wazee wao waliletwa na kazi ya minazi wakasahau kurudi bara. Ukikohoa Misa ya kwanza, kwenye Misa ya pili watu wanakupa pole. Sasa mtu akija na kistuli unategemea nini? Mwenyekiti wa kwaya alisema ni bawasiri. Mke wa polisi mmoja alisema wifi amekatazwa na mganga asikalie mbao. Katekista wetu, mzee mwenye masharubu ambaye huona uzushi hata kwenye mapambo ya Krismasi, alinivutia pembeni akaniuliza kama wifi ameanzisha dhehebu. Nikamwambia dhehebu lenye muumini mmoja na kiti kimoja lisimnyime usingizi.

Lakini mwenyewe nilikuwa nimevimba kwa hasira. Mimi ndiye mke wa kaka yake, nyumba zetu zinatazamana, na aibu ya Furaha hufika kwangu kabla haijafika kwake. Nilipomuuliza alijibu, "Nakipenda tu, wifi." Hakuna binadamu anayependa kistuli kiasi hicho.

Inabidi niseme Furaha ni mtu wa namna gani, maana asiyemjua atadhani ni mjinga. Si mjinga, ni mtiifu, na utii ukizidi unaharibu kama chumvi. Alizaliwa hapa hapa, mtoto wa pili wa mzee aliyetoka Masasi kuja kuangua nazi za watu. Alipomaliza darasa la saba baba yake alimwambia inatosha, ikatosha. Aliolewa na fundi wa majokofu, mama mkwe akamwambia anywe mizizi ili azae, akanywa mizizi miaka tisa na hakuzaa. Mume akaenda Mtwara kutengeneza jokofu la mtu, na mpaka leo, mwaka wa kumi na nne, jokofu hilo halijapona. Furaha hakulaani mtu. Alifungua kibanda karibu na soko akaanza kuuza supu ya pweza na chapati, na kila Jumamosi akawa anafua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Pasi yenyewe ya mkaa, na hakuwahi kuunguza hata kimoja. Alivikunja kwa namna ambayo wanawake wengine hukunja nguo za mtoto mchanga. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo, na siku moja tulipogombana juu ya kuku wangu aliyeingia jikoni kwake, nilimtupia neno ambalo halirushwi kwa mwanamke asiye na mtoto. Nalitaja kwa sababu sipendi mtu anayefunua ya mwenzake huku ya kwake ameyafunika.

Pweza wake huletwa na Somoe binti Mkadam, mwanamke wa Miburani, Mwislamu, aliyemzidi umri kwa miaka minane hivi. Bahari ikitoka mbali wakati wa bamvua, Somoe hutembea mwambani na chuma chake, anachokoa mashimo, anamtoa pweza kama mtu anayetoa soksi uvunguni. Huko kwao ndiye anayefunda wasichana wakivunja ungo. Anawafundisha kujitunza, kuoga, kutawadha, lini wasali na lini wasisali, na sauti yake si ya kunong'ona. Yeye na Furaha wameitana shoga miaka kumi na minane, na hawajawahi kugombana ila siku moja, nayo nitaisema.

Balaa lilianzia kwenye jumuiya yetu ndogondogo. Mkatoliki na Biblia, tuseme ukweli, ni kama mtu na shangazi yake wa mjini: anamheshimu, anamtaja mbele za watu, na hamtembelei. Januari padri wetu mpya, kijana ambaye bado ana chunusi, alituambia tuisome Biblia nzima mwaka huu kuanzia Mwanzo. Tuliitikia kwa makofi. Kwenye Mwanzo tulikuwa wengi, kwa sababu kuna ugomvi wa wake wenza na mirathi. Kwenye Kutoka tukaanza kupungua, na mimi binafsi nilifia kwenye vipimo vya hema, dhiraa kwa dhiraa, pete kwa pete. Furaha alikuwa ameambiwa asome, akasoma. Akaingia Walawi peke yake, na hapo ndipo alipokutana na pweza.

Mungu, kwa kinywa cha Musa, aliwaambia Waisraeli kwamba kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba wakione kuwa ni chukizo. Wifi akaweka kidole kwenye mstari na kuhesabu. Pweza hana pezi wala gamba. Ngisi hana gamba. Kaa, kamba, wote nje. Kwa mtu wa Mafia ukiondoa hao umebakiza maji ya chumvi. Kesho yake asubuhi akapika supu ya changu, samaki mwenye magamba yake.

Wateja wake wakubwa ni wavuvi wa dago, wale wanaotoka Kilwa na Rufiji na kupiga kambi zao pwani kwa msimu. Mmoja wao, Matano, alichungulia sufuria kwa muda mrefu. "Da Furaha," alisema kwa adabu, "samaki nashinda naye, nalala naye, na harufu yake naoga haitoki. Mie nilikuja kwa pweza." Akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Somoe alifika saa tatu na pweza wanne kwenye kamba.

"Leo sichukui, shoga," Furaha alimwambia huku akitazama moto. "Ni chukizo."

"Nani chukizo?"

"Pweza. Mungu kasema."

"Kamwambia nani?"

"Musa."

"Nabii Musa alikuwa jangwani, shoga. Pweza kamwonea wapi?"

Furaha akasema hajui alimwonea wapi lakini imeandikwa. Somoe akauliza basi miaka yote hii alikuwa akimtia mkononi nini, mavi? Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa ile supu ya changu kwa kumhurumia. Somoe aliwatupa pweza wake begani wakampiga mgongoni, akaenda zake bila kuaga. Huo ndio ugomvi wao mmoja.

Katekista alilimaliza jambo hilo kwa dakika mbili. Alimwambia mtume Petro alishushiwa shuka limejaa wanyama wa kila namna akaambiwa ale, na Bwana mwenyewe alisema kinachomchafua mtu ni kile kinachotoka moyoni, si kinachoingia tumboni. Furaha akafurahi sana. Alitembea kwa miguu mpaka Miburani kumwomba radhi Somoe, na siku ya nne pweza akarudi sufuriani na Matano akarudi bakulini. Tukacheka wiki nzima. Wavuvi wakawa wakiagiza "supu ya Petro". Tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu Furaha alikuwa ameshasoma mbele. Sura chache baada ya pweza kuna mambo ya mwanamke na damu yake, na hayo hakuwa na wa kumuuliza. Katekista alikuwa na masharubu. Padri alikuwa na chunusi. Na mimi, mtu wa karibu, nilikuwa nimewahi kulifanya tumbo lake fimbo ya kumchapia. Akanyamaza.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki: wifi alikuwa akitokwa na damu tangu Oktoba. Ilikuwa ikipungua siku mbili tatu, kisha inarudi. Alikuwa anafua vitambaa vyake alfajiri na kuvianika ndani. Sasa kitabu kikamwambia kwamba mwanamke ambaye damu yake inapita siku za kawaida ni najisi siku zote za kutoka kwake, na kila anachokalia ni najisi, na atakayekigusa ni najisi mpaka jioni na inampasa aoge. Mtu mwingine angefunga kitabu akaenda hospitali. Furaha alifunga kitabu akaenda kuchukua kistuli. Alikuwa anatulinda! Alibeba kiti chake mitaa mitatu juani ili mke wa polisi asije akakalia benchi lake akawa najisi bila kujua, na yule mke wa polisi ndiye aliyekuwa akimzushia mganga.

Na kosa lake hilo lisingeweza kufanywa na Mkatoliki wa Songea wala wa Roma. Furaha amekua kati ya Waislamu. Tangu utoto ameona kwamba mwanamke akiwa katika siku zake hasali wala hafungi Ramadhani, na hakuna anayemshangaa. Kwa hiyo aliposoma Walawi akaona mambo yamekubaliana, Musa huku na majirani kule, na sisi Wakatoliki ndio wazembe peke yetu. Akaacha Komunyo. Akamwambia padri mkono unamuuma, akarudisha vitambaa vya altare, wakapewa wengine, na kabla ya Pasaka viwili vilikuwa na alama ya pasi.

Watu wakaona. Wenzake wanapanga mstari kupokea, yeye amekaa kwenye buluu yake kama mlinzi. Hata Pasaka hakupokea, na Mkatoliki asiyepokea Pasaka ana jambo. Ikasemwa ana mwanamume. Ikatajwa kuwa ni Muhidini muuza barafu, mzee wa watu ambaye kosa lake ni kumletea barafu kila siku. Nilivuka uwanja nikamkabili.

"Wifi, kama una mtu, mlete tumjue. Usituache tunaumbuka kwa kubahatisha."

Alicheka mpaka akashika nguzo, akateremka taratibu akakaa chini. Nilidhani ni kicheko kilichomkalisha, na nikarudi kwangu nimeridhika kwamba nimesema.

Ilikuwa Ijumaa baada ya Pasaka, nami nilikuwa kibandani nakunywa supu. Somoe alikuja na pweza wake, bahari ilikuwa imemchosha, akavua kandambili ili aketi kidogo kwenye mkeka nyuma ya kibanda. Furaha akapiga ukelele kama ameona nyoka.

"Usikae hapo! Utapata kazi ya kuoga na leo Ijumaa!"

Somoe akabaki ameinama nusu. "Kuoga kwa nini? Paka kakojoa?"

"Hapana. Nilikuwa nimekaa mimi."

Somoe akanyooka. Alimtazama Furaha usoni, akamsogelea, akamshusha ukope wa chini kwa kidole gumba namna wanunuzi wanavyofunua mashavu ya samaki sokoni. Ndani kulikuwa kweupe kama ngisi.

"Siku ngapi?"

"Siku gani?"

"Furaha, mie si mumeo unifiche. Siku ngapi?"

"Tangu Oktoba."

Somoe alitamka Kiarabu kirefu ambacho sikukielewa, ila nilielewa kwamba Mungu alikuwa akiitwa aje haraka. "Na ibada yako je?"

"Nasali nyumbani. Lakini Komunyo siwezi. Damu haisogei mbele ya Mungu. Hata nyie si hamsali?"

"Nani kakwambia?"

"Nimewaona maisha yangu yote."

"Umetuona na hedhi," Somoe alisema, na sasa soko zima lilikuwa linafundwa. "Hedhi ina mwisho wake. Ikivuka siku kumi na tano hiyo si hedhi tena, hiyo ni istihadha, ni maradhi kama maradhi mengine. Mwenye nayo anajisafisha, anajifunga vizuri, anatawadha kwa kila sala, na anasali! Anafunga! Na mumewe akimtaka anampata! Kwangu mtoto wa miaka kumi na miwili anayajua haya. Wewe umechukua nusu ya dini yetu ukaibandika kwenye nusu ya dini yenu, ukapata dini ya kujiulia."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, wifi mtu, unakaa ng'ambo ya uwanja. Hukuona?"

Niliona kistuli. Niliona watu wanavyotuona. Yeye sikumwona, na nililijua hilo nikiwa na bakuli la supu yake mkononi. Nilijichukia.

"Nyanyuka," Somoe akamwambia Furaha. "Tunakwenda kwa padri wenu."

"Padri ni mwanamume, Somoe. Nitaanzaje?"

"Utaanza kwa kunyamaza. Nitasema mie."

Tulimkuta padri barazani kwake anakunywa chai na mihogo. Alipomwona mwanamke mtu mzima wa Kiislamu ndani ya baibui, na nyuma yake waumini wake wawili kama mateka, alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na suala la twahara. Kwenu nyie, mwanamke mwenye damu ya maradhi anazuiwa ibada?"

Chai ilimwendea padri njia isiyo yake. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Hapana, mama," alisema alipopata pumzi. "Wala ya kila mwezi haimzuii."

"Umesikia?" Somoe alimwambia Furaha, kisha akajikalisha kwenye kiti bila kukaribishwa. "Sasa mweleze kwa nini kitabu chenu kinasema vingine. Asipojua sababu atarudi huko huko, namjua."

Nilitegemea kijana wa watu atababaika. Alibabaika kwenye masikio tu, yalikuwa mekundu wakati wote, lakini mdomo haukubabaika. Alimuuliza Furaha, "Baba yako alipofariki, waliomwosha na kumzika walitenda dhambi?"

"Hasha, Padri."

"Kwa sheria ya Musa wote walikuwa najisi siku saba. Na mama anayejifungua? Mungu ndiye aliyewaambia watu zaeni mkaongezeke. Akizaa, najisi. Mungu anaweza kumwagiza mtu dhambi?"

Furaha akatikisa kichwa.

"Basi najisi haikuwa dhambi. Ilikuwa hali. Mtu aliipata kwa kufanya wajibu wake, au kwa kuwa na mwili tu."

"Kama janaba," Somoe akasaidia. "Mtu kalala na mkewe wa halali, thawabu anapata, na kuoga ataoga."

Masikio ya padri yakazidi kuwa mekundu. "Kama... ndiyo, mama. Inakaribiana."

"Lakini kwa nini damu?" Furaha aliuliza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza badala ya kujibu. "Damu imemkosea nini Mungu?"

"Haikumkosea. Aliiheshimu. Kwao damu ni uhai wenyewe. Uhai ukimwagika, mtu amegusana na mauti, iwe kwa maiti, kwa ukoma au kwa tumbo lake mwenyewe. Na Mungu alikuwa amepiga hema katikati yao, Mungu ambaye hana mauti ndani yake. Kwa hiyo kila mtu, kuhani au mjakazi, kulikuwa na siku anasimama nje akumbuke kwamba yeye hufa. Kisha anaoga, jua linatua, anarudi ndani. Sheria ilitaka arudi, Furaha. Wewe umeshika ya kutoka tu."

Somoe akaguna kwa kuridhika, namna anavyoguna mwanafunzi wake akipatia.

"Na sheria ile ilikuwa inamngoja mtu," padri akaendelea. "Zamani mwenye unajisi alimwambukiza msafi, haikuwa kinyume chake. Alipokuja Bwana akamgusa mwenye ukoma, akagusa jeneza la yule kijana wa Naini, na unajisi haukumwingia. Uzima ndio uliotoka kwake ukawaingia wao. Unamkumbuka yule mama wa damu ya miaka kumi na miwili? Alipogusa vazi lake, kwa kitabu chako ilipasa Bwana awe najisi mpaka jioni. Alimfukuza?"

"Alimwita binti," Furaha alisema kwa sauti ndogo. Halafu akapata pa kukimbilia. "Lakini yule alikuwa na imani kubwa, Padri."

"Na alikuwa amewamaliza waganga wa mji mzima kabla ya kuja. Imeandikwa. Wewe umemwona nani?"

Somoe akajibu badala yake, "Hata muuza panadol."

"Na Mama Maria," padri alisema, taratibu zaidi, "alipomzaa alitimiza siku zake arobaini nje kama mwanamke yeyote wa Nazareti, kisha akaenda Hekaluni na ndege wake wawili mkononi, kufuata sheria hiyo hiyo inayokutesa. Utamwambia Mama Maria alikuwa na dhambi?"

Hapo ndipo wifi alipolia. Nimemwona akiachwa, akizika wazazi, akichekwa, na sikuwahi kumwona akilia namna ile, mabega yote yakitikisika. Alisema alidhani Mungu amemfungia tumbo kwanza, kisha amekuja kumfungia na mlango. Aliposema hivyo niliona neno langu la siku ya kuku likiwa limekaa humo humo ndani, na nikamwomba msamaha pale pale mbele ya padri na mihogo. Alisema, "Haya, wifi," akasimama ili anikumbatie, na akaanguka.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, Somoe amempakata, mimi nimeshika miguu. Daktari alisema damu imebaki nne, akarudia kupima, ikabaki nne ile ile. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi, wa kutolewa Dar es Salaam, lakini mtu wa damu hiyo hasafirishwi. Kwanza aongezwe. Ndugu wachangie, na upesi, maana moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Alituambia hilo kando, lakini wifi alikuwa anatutazama midomo.

Mimi nilikataliwa kwa presha. Mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, alipimwa na kundi lake halikuafikiana na la dada yake. Katekista alikuja mbio, akavua koti, akakunja mkono wa shati, akaiona sindano, akakumbuka ana watoto wa Kipaimara wanamsubiri. Somoe alikuwa amekwisha kukaa kitini na mkono ameunyoosha.

"Ni O," alisema mpimaji. "Mama, umekula?"

"Nimeshiba," Somoe alijibu, na alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri alipoingia baharini. Sindano ilipoingia alimwomba mpimaji aangalie tu damu isidondokee nguo yake, kwa sababu ya sala. "Udhu wangu hauvunjiki," alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Kwetu damu ya mkono haivunji udhu."

Mfuko ulijaa, akainuka kwa ujasiri, akatembea hatua tano, na ya sita akaifanya kwa magoti. Wodi ilikuwa imejaa. Nesi aliangalia huku na huku, kisha akamlaza kitanda kimoja na Furaha, mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Furaha alijaribu kumsukuma. "Asilale hapa, sister. Hapa pamechafuka, huyu anasali." Somoe hakufumbua macho. Alisema, "Sogeza mguu, shoga, unanichoma," na akalala.

Damu ilipomaliza kupimwa ilikuwa alasiri. Waliutundika mfuko, mpira ukaingia mkono wa kushoto wa wifi, na tone la kwanza likashuka. Aliutazama ule mfuko muda mrefu. Aliniuliza kama yote ni ya Somoe. Nikamwambia yote. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya nyayo za mwenzake, zile nyayo zilizokatwakatwa na miamba, akauacha hapo.

Padri aliingia na kile kijaluba cha dhahabu wanachobebea Komunyo ya wagonjwa. Nilishuka magotini kati ya vitanda, mume wangu naye. Padri alisali kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wagonjwa wengine, akafungua kijaluba, akamsogelea wifi. Na wifi akageuza uso ukutani.

"Padri," alisema, "hata sasa hivi inatoka. Shuka lote hapa chini. Labda kesho, nikishaoga."

Nilitaka kumtikisa. Nilimtazama padri nikitegemea aanze upya, Musa, hema, na Naini. Nesi alikuwa amesimama na karatasi zake, na mimi nilikuwa naogopa kwamba hiyo kesho huenda isiwepo, na nadhani padri naye aliogopa hivyo hivyo. Hakueleza kitu. Aliinua hostia juu ya lile shuka.

"Mwili wa Kristo," akasema.

Alingoja. Mkono wake haukushuka. Damu ya Somoe iliendelea kuingia na damu ya wifi iliendelea kutoka, na sote tulijua, na hakuna aliyesogea. Kisha wifi yangu akageuza uso, akasema "Amina", akafungua kinywa. Alimeza kwa shida, midomo imekauka, na alipomaliza aliomba maji.